Gari la Chini na Jeki



Wenzetu wengi hutengeneza magari ya watu nyumbani siku za mapumziko. Fahamuni kwamba fidia ya kazini haigusi ajali ya nyumbani.

Magari ya spoti yamelala chini, mfano Datsun 240Z, aina iliyoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1971 na 1973. Jeki kubwa ya gereji huenda isiingie chini yake. Basi, kwenye uwanja mgumu ulio sawa, lipandishe gari polepole juu ya mbao pana. Sentimita tano zatosha. Tia kabari magurudumu yatakayobaki chini. Breki ya mkono katika magari mengi hushika ya nyuma tu, kwa hiyo ukiinua nyuma haikusaidii kitu. Jeki ikae palipoonyeshwa na kiwanda, si kwenye bati la sakafu.

Hapa ndipo watu hufa. Jeki ya mafuta ni ya kuinua tu. Sili ikichakaa, gari hushuka. Weka stendi mbili za chuma, lishushe gari likae juu yake, ulisukume kidogo kabla ya kuingia. Matofali usiyaamini, hupasuka ghafla. Gurudumu ulilofungua lilaze chini ya ubavu wa gari. Stendi ikiteleza, litapokea uzito kabla ya kifua chako.