Hewa iliyo juu ya Majengo hufura mchana, hunywea usiku

Saa tisa mchana mtaani Majengo, mjini Meru, jua likiwaka, wasee wa boda hujibanza kivulini. Kilomita 400 juu ya mabati ya nyumba zenu, hewa nayo imefura. Ndiyo, huko kuna hewa, ingawa ni nyembamba ajabu. Alasiri ndipo huwa nzito zaidi. Ikikaribia adhana ya alfajiri imeshanywea, na pale pale palipokuwa na gesi nyingi mchana hubaki sehemu ndogo tu.

Kazi yote hiyo ni ya jua. Miale yake mikali tusiyoiona huchemsha gesi za juu mpaka zinapanda. Oksijeni tunayovuta huku chini ni atomi mbili zilizoshikana. Kule miale huzitenganisha, kila moja ikaenda kivyake. Joto linaweza kupita nyuzi 1,000, lakini usidhani ungeungua: hewa ni kidogo mno kukupa joto hilo. Usiku gesi hupoa na kushuka. Oksijeni, kwa kuwa ni nzito, hupungua haraka, na heliamu nyepesi ikabaki na nafasi kubwa zaidi.

Kuna majira pia. Hewa hiyo hunenepa karibu na Aprili, tena karibu na Oktoba, halafu Julai ikakonda kabisa. Mkulima wa Meru ataona hiyo ni kalenda yetu ya mvua. Ni sadfa tu. Mawingu ya mvua yako kilomita chache kutoka shambani, hayana habari na mambo ya kule.

Haya yamejulikanaje? Sehemu ya jibu iko Ngomeni, karibu na Malindi. Waitaliano waliweka majukwaa yao baharini huko, wakarusha roketi za Marekani aina ya Scout. San Marco 2 iliruka Aprili 26, 1967. San Marco 3 ikafuata 1971, na San Marco 4 mwaka wa 1974, zikiwa na vifaa vya kupima uzito wa hewa, joto lake na aina za gesi. Zilizunguka zikifuata ikweta, mstari unaopita kilomita chache tu kusini mwa mji wa Meru. Kwa hivyo zilipita juu ya Meru na Embu, au kando kidogo, kila baada ya saa moja na nusu hivi, mchana na usiku.

Kifaa ninachokipenda ni mizani ya Luigi Broglio, mhandisi aliyeongoza mradi huo. Setilaiti ilikuwa na ganda jepesi nje na kiini kizito ndani, vikiunganishwa na springi. Hewa ikisukuma ganda, springi zinajikunja, na wao wanasoma zimejikunja kiasi gani. Simpo hivyo.

Inaniuma kidogo kwamba shuleni tunaambiwa roketi zilirushwa Malindi, halafu basi. Zilitafuta nini? Kimya.

Na si historia tu. Hewa ikifura, setilaiti huburutwa chini. Februari 2022, SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink. Dhoruba kutoka kwenye jua ikapasha hewa ya juu joto, na karibu 40 zikaanguka na kuungua. Hiyo ndiyo Starlink iliyofungua huduma Kenya mwaka uliofuata. Taifa-1, setilaiti ya Kenya, iliruka Aprili 15, 2023, ndani ya msimu ule ule wa hewa nene, na jua lenyewe lilikuwa likielekea kilele cha mzunguko wake wa miaka 11.

San Marco 5 ilikuwa ya mwisho kuruka kutoka Ngomeni, Machi 1988. Hewa iliyotumwa kuipima ndiyo iliyoishusha, Desemba mwaka huo huo.