Kila Mtu na Kipande Chake: Miongozo ya Programu Huria Inavyoandikwa

Kwenye msaragambo wa kuchimba mtaro wa maji, kiongozi anayeijua kazi hawaambii watu "chimbeni" akaondoka. Hutangulia na kijiti, akahesabu hatua, akachora mistari: hapa Mama Asha, kutoka hapa hadi kwenye mwembe vijana, pale penye mwamba wenye sururu. Mtu akishapimiwa kipande chake anajua ataanzia wapi na, kubwa zaidi, atamaliza lini.

Jumuiya za programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza, nazo huishi kwa msaragambo. Panapolegalega mara nyingi ni kwenye miongozo, zile kurasa zinazomwelekeza mtumiaji abonyeze wapi. Mwaka 2017 GitHub, jukwaa linalohifadhi miradi mingi ya aina hii, lilifanya uchunguzi: asilimia 93 ya waliojibu walisema nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati ni tatizo, lakini asilimia 60 ya wachangiaji walisema kazi ya nyaraka huigusa mara chache au hawaigusi kabisa.

Ni rahisi kusema watu ni wavivu. Mara nyingi kazi yenyewe ndiyo haikupimwa. Ukitangaza "tunaomba msaada kwenye nyaraka", mwenye nia njema hajui anaombwa nini. Mwambie "sura ya tatu ina hatua kumi na mbili, zifuate kwenye toleo jipya, utuandikie zipi zimebadilika", na Jumamosi moja itamtosha.

Chukua LibreOffice, programu ya ofisi iliyochipuka kutoka OpenOffice.org Septemba 2010 na kulelewa na taasisi ya The Document Foundation. Ina Writer ya kuandikia, Calc ya majedwali, Impress ya slaidi, na kila moja ina mwongozo wake wa mamia ya kurasa. Mzigo huo haubebwi na mtu mmoja anayejitolea baada ya saa za kazi. Kwa hiyo kitabu hukatwa sura kwa sura, kila sura na faili lake, na jina la faili ndilo alama ya mpaka. GS4201, kwa mfano, ni mwongozo wa Getting Started, toleo la 4.2, sura ya 01. Mitindo ya vichwa, hatua na vidokezo imeshawekwa kwenye kiolezo, ili sura zilizoandikwa na watu wasiowahi kuonana zisomeke kama zimetoka mkono mmoja.

Kando ya mafaili sharti kuwe na jedwali: sura ipi, nani kaichukua, imefika wapi. Mali bila daftari huisha bila habari. Pasipo jedwali, watu wawili watarekebisha sura moja huku ya jirani ikibaki yatima.

Adui mkubwa wa kazi hii ni muda. Msimbo ukiharibika hupiga kelele: programu hugoma, majaribio hufeli. Ukurasa uliopitwa na wakati hukaa kimya. Zamani, mtumiaji wa Writer aliyetaka orodha ya mitindo aliifungua kupitia menyu ya Format. Februari 2016 likaja toleo la 5.1 na menyu mpya ya Styles. Aliyezoea kubonyeza F11 hakusumbuka. Aliyefuata kitabu alipotea, na picha za skrini zenye safu ya menyu ya zamani zikazeeka siku hiyohiyo. Matoleo makubwa hutoka takriban kila miezi sita, hivyo mratibu makini hakimbilii kuandika upya kitabu kizima. Husoma orodha ya mabadiliko, akatia alama sura zinazoguswa, akagawa hizo tu. Picha pia huzifanyia ubahili: hatua inayoelezeka kwa maneno haihitaji picha.

Rasimu ikirudi, ihakikiwe na mtu mwingine. Writer hurekodi mabadiliko na kumpa kila mhakiki rangi yake, kwa hiyo mwandishi huona nani kagusa nini. Lakini mhakiki bora wa hatua ni yule asiyeijua programu. Mjuzi akisoma "weka nambari za kurasa", mkono wake huenda wenyewe. Mgeni husimama na kuuliza: nambari zinakaa kwenye kijachini, ile sehemu ya chini ya ukurasa, mbona sikuambiwa nianze kwa kukiweka? Swali hilo limeonyesha tundu ambalo wenyeji wote walikuwa wakiliruka. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kukubaliana majina nako ni uratibu. Waswahili tulilionja hilo mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kwenye kazi ya namna hiyo, mmoja akiandika "faili" na mwenzake "jalada", msomaji atadhani ni vitu viwili. Faharasa fupi iliyokubaliwa mapema huokoa mabishano ya miezi.

Kisha watu hupotea. Mitihani imekaribia, mtoto kazaliwa, kazi ya mshahara imezidi. Mratibu hana mshahara wa kumkata mtu. Alichonacho ni kujibu upesi na kurudisha kipande bila lawama: kimya kikizidi wiki mbili, aulize kwa upole; kikiendelea, sura irudi kwenye jedwali na mlango ubaki wazi. Yeye mwenyewe asikalie rasimu ya mtu, kwani anayepeleka kazi asijibiwe hapeleki ya pili.

Malipo yapo, nayo yako kwenye kurasa za mwanzo za kila mwongozo wa LibreOffice: majina ya waliochangia toleo hilo, yakifuatwa na ya waliochangia matoleo yaliyopita. Hakuna anayetajwa kwa idadi ya kurasa. Aliyeandika sura sita na aliyesahihisha menyu tatu wako kwenye orodha moja, kama kwenye mtaro: maji yakishapita, hakuna anayeuliza kipande cha nani kilikuwa kirefu.