Walijuaje? Kufundisha Nuru Isiyoonekana kwa Mfano wa Setilaiti ya Uhuru

Aghalabu somo la nyota katika shule zetu za msingi huanza na majina ya sayari na kuishia hapo hapo. Mtoto hutoka darasani akiweza kuimba Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, lakini ukimwuliza wataalamu walijuaje habari za mbingu, hana jibu. Mionzi ya eksirei itokayo angani yatupa nafasi ya kulifanya swali hilo kuwa ndilo somo lenyewe.

Anza na jambo wanalolijua. Chuma katika tanuri la mhunzi huwa chekundu, kisha cha manjano, kisha hukaribia weupe. Je, joto likifika mamilioni ya digrii? Waache wabishane kwanza. Ndipo uwaeleze kwamba gesi yenye joto hilo hutoa eksirei, mionzi ya jamii ile ile aliyoigundua Röntgen mwaka 1895, itumiwayo hospitalini kupiga picha za mifupa. Jicho haliioni.

Hapa mtoto mwerevu atauliza: ikiwa eksirei hupenya nyama ya mwili, mbona isipenye hewa ikatufikia? Usilipite swali hili kwa haraka. Hewa ni nyepesi, lakini iliyo juu yetu ni nyingi mno. Uzito wake ni sawa na wa maji yenye kina cha mita 10 hivi. Mionzi hiyo humezwa humo. Basi hapana budi kupanda juu. Mwezi Juni 1962, Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi kutoka New Mexico, Marekani, nayo kwa dakika chache tu ikagundua chanzo chenye nguvu upande wa kundi la nyota la Nge.

Dakika chache hazikutosha. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyoundwa kwa kazi hii peke yake ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini mkabala wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Siku hiyo Kenya iliadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa uzuri wa pwani. Pako karibu na Ikweta, ambako mzunguko wa Dunia huisaidia roketi kwa kasi. Tena, kwa kuzunguka juu ya Ikweta, chombo kiliepukana na eneo la kusini ya Atlantiki ambalo chembe zake zingevuruga hesabu.

Uhuru haikuwa na kamera. Ilikuwa na vihesabio vyenye upeo mwembamba wa kutazama, nayo ilijizungusha polepole, mara moja kwa dakika 12 hivi. Jambo hili lafaa kuigizwa. Katika chumba chenye giza weka taa mbili au tatu. Mtoto mmoja ashike bomba la karatasi jichoni, afumbe jicho la pili, ajizungushe taratibu huku mwenzake akihesabu kwa sauti. Kila aonapo taa aseme "Naam". Wengine, wakiwa wameelekea ukutani, waandike hesabu na kuchora mahali taa zilipo. (Zoezi lisifanywe nje: bomba lisielekezwe Jua kamwe.) Kisha taa moja ifunikwe na kufunuliwa kwa kitabu, nao wagundue kipindi chake.

Ndivyo ilivyotambuliwa Centaurus X-3. Mionzi yake hupanda na kushuka kila sekunde 4.8, na hutoweka kila baada ya siku 2.1. Ni nyota ndogo, nzito mno, inayojizungusha yenyewe huku ikiizunguka nyota kubwa na kujificha nyuma yake. Gesi inayoivuta kutoka kwa mwenzake huporomoka na kupata joto kali. Cygnus X-1 nayo ilimetameta haraka bila mpango. Mwendo wa nyota iliyo jirani nayo, yenye kuzunguka kwa siku 5.6, ulionyesha kuwa mwenzi wake asiyeonekana ni mzito kupindukia. Leo hukadiriwa kuwa na uzito wa Majua 21: ni shimo jeusi.

Uhuru ilikoma kufanya kazi mwaka 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Tarakimu hizi zikae ubaoni, si katika mtihani. Katika mtihani uliza: kwa nini haikutosha kukiweka chombo kile juu ya kilele cha Kilimanjaro? Atakayejibu kwamba karibu nusu ya hewa bado iko juu ya kilele hicho, mpe alama zote.