Jogoo Aliyeingia Kwenye Ngao
(Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tulikuwa Dar es Salaam kwa Edward Saidi Tingatinga, ambaye mwaka 1968 alianza kuchora wanyama juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya baiskeli, chui mmoja akiujaza ubao mzima. Leo turudi nyumbani, mtaa wa Jericho, Nairobi, tuangalie picha ambazo hatuzilipii kiingilio kwa sababu tunatembea nazo mfukoni.

Nenda sokoni ununue sukuma wiki, nyanya na dhania kidogo. Chenji anayokupa mama mboga ni twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini. Sarafu hizi zilizinduliwa Desemba 2018, na aliyezifungulia mlango ni mwanasheria kabla ya msanii: Ibara ya 231 ya Katiba ya 2010 inakataza noti na sarafu zetu kubeba sura ya mtu yeyote. Tangu 1966 tulikuwa tumezoea kumkuta rais kwenye pesa. Rais akaondoka, mnyama akaketi mahali pake.

Kumchora mnyama wa sarafu ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Msanii hana rangi ya kumsaidia. Ana mwinuko mdogo wa chuma na mwanga unaoupiga ubavuni. Inambidi atafute umbo moja lisiloweza kuchanganywa na jingine: shingo, pembe, manyoya ya shingoni, mkonga. Na umbo hilo livumilie miaka ya kusuguliwa na vidole vya makanga na kugongana na funguo.

Sasa geuza sarafu utazame nembo ya taifa. Simba wawili wenye mikuki wameishika ngao, na chini yao ni Mlima Kenya. Hii ndiyo picha ya mandhari inayochapishwa kuliko nyingine yoyote nchini, nasi hatuiiti picha. Miguuni pa simba yamepangwa mazao: kahawa, pareto, mkonge, majani ya chai, mahindi na mananasi. Ichunguze orodha hiyo kama mkulima. Mahindi yalitoka Amerika, na nanasi pia. Pareto ni ua la pwani ya Dalmatia, ng'ambo ya Italia. Chai ni ya Asia. Mkonge asili yake ni Meksiko. Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza Tanganyika mwaka 1893 kwa miche 62 tu iliyookoka safari. Kahawa peke yake ndiyo jirani yetu, mwenyeji wa Ethiopia.

Siwalaumu waliobuni nembo ya 1963. Walichora mimea iliyokuwa ikiiletea nchi fedha, na mahindi yaliyokuwa yakiilisha. Lakini nataka tuone kwamba walichagua. Mtama na wimbi, vilivyolisha nchi hii kabla ya mahindi, havimo. Mgumo na mkuyu, miti ambayo wazee walisalia chini yake, haimo. Anayechora mandhari huamua pia nini kibaki nje ya fremu, na kinachobaki nje kwa miaka sitini huzoeleka kutoonekana. Mpe mtoto wa Jericho karatasi na umwambie achore nchi yake: atachora milima miwili, jua katikati, na twiga. Kunguru anayemwona kila siku juu ya bati hatamchora, wala wale korongo wenye upara wanaokaa mitini karibu na Uwanja wa Nyayo. Hajaonyeshwa mahali popote kwamba nao ni wa kuchorwa.

Yuko mmoja, hata hivyo, aliyepenya. Katikati ya ngao, kwenye utepe mwekundu, kuna jogoo mweupe ameshika shoka. Alikuwa alama ya chama cha KANU kilichoundwa 1960, miaka ile ile nyumba za Jericho zilipokuwa zikijengwa, na baada ya uhuru barabara inayopita hapa kando, iliyoitwa Doonholm, ikapewa jina lake: Jogoo Road. Siasa ndiyo iliyompandisha, sikatai. Ila nikimlinganisha na simba wanaomlinda, ambao wengi wetu tumewaona kwa picha tu ingawa Mbuga ya Nairobi haiko mbali, namwona yeye kuwa ndiye mchoro wa kweli zaidi katika nembo nzima. Mchoraji wake alimtazama kuku.

Mtazame nawe kwa makini. Anasimama kwa mguu mmoja, kwa sababu wa pili umekamata shoka. Ukipita nyuma ya nyumba za Jericho asubuhi ya Julai, kabla jua halijatoka na baridi ingali kali, utamkuta jogoo wa jirani amesimama vivyo hivyo juu ya ukuta, mguu mmoja ameuficha ndani ya manyoya.