Bunduki ya Bolti ya Bei Nafuu: Kinachosifiwa, Kinacholalamikiwa na Kinachobadilishwa

Bunduki ya bolti hukokiwa kwa mkono kila baada ya mlio. Mpigaji huinua mkono wa bolti, huuvuta nyuma ganda tupu lidondoke, huusukuma mbele risasi mpya iingie chemba, kisha huukandamiza chini ili meno ya bolti yajifunge. Ndivyo ilivyokuwa Mauser ya mwaka 1898, ndivyo ilivyo ile Mark IV ya Kiingereza ambayo Watanzania wengi wameiona mikononi mwa askari wa wanyamapori, na ndivyo zilivyo bunduki za uwindaji zinazouzwa Marekani leo kwa chini ya dola 500. Mfumo ni ule ule. Kilichopungua ni saa za kazi za fundi zinazoingia katika kila bunduki.

Safari ya kupunguza saa hizo ni ndefu. Mwaka 1948 Remington ilitoa Model 721 na 722, ambazo kasha la bolti lilikerezwa kutoka kwenye nondo ya mviringo, na kile kizuizi kinachozuia bunduki kurudi nyuma ndani ya kitako kikawa bamba tu lililobanwa kati ya kasha na mtutu. Kutokana na hizo ikazaliwa Model 700 ya mwaka 1962. Mwaka 1958 Savage ilileta Model 110, iliyobuniwa na Nicholas Brewer, ambayo mtutu wake hukazwa kwa nati. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo lililogeuza hesabu za kiwandani. Zamani fundi alilazimika kuupunguza mtutu kidogo kidogo hadi nafasi ya risasi ndani ya chemba ilingane na kipimo. Kwa nati, mfanyakazi huweka kipimo ndani ya chemba, husokota mtutu hadi uguse, hukaza nati, kazi imekwisha.

Winchester nayo ilijaribu njia yake mwaka 1964, ikaungua mkono. Ilirahisisha Model 70, bunduki iliyokuwa sokoni tangu 1936, kwa kuondoa ile kucha pana iliyoishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini, na kwa kugandamiza nakshi za kitako badala ya kuzichonga. Wawindaji walizikataa, na mpaka leo zile za kabla ya 1964 huuzwa kwa bei ya juu. Lawama zilielekezwa kwa vitu ambavyo mnunuzi aliviona kwa macho na kuvigusa kwa vidole. Ilikuwa dalili ya mapema ya jinsi wenye bunduki wanavyotoa hukumu zao.

Mwishoni mwa mwaka 2011 Ruger ilitangaza bunduki inayofaa kuchukuliwa kama kielelezo cha kundi zima, Ruger American, kwa bei ya kiwandani ya dola 449. Madukani ilipatikana kwa chini ya hapo. Mpinzani wake wa karibu alikuwa Savage Axis, iliyoanza mwaka mmoja kabla yake kwa jina la Edge. Ruger American ina bolti nene yenye meno matatu, na unene wake ni mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kasha lake ni tundu la mviringo lisilo na michongo mingi ya ndani. Mtutu umefuliwa kwa nyundo za mashine chuma kikiwa baridi, ukakazwa kwa nati kama wa Savage. Ndani ya kitako cha plastiki mna vipande viwili vya chuma vyenye umbo la V, na kasha hukalia hapo. Kifyatulio kina ulimi mdogo wa usalama katikati, na mwenye bunduki anaweza kukirekebisha kati ya ratili 3 na 5, yaani takriban kilo 1.4 hadi 2.3. Uzito wote hauzidi sana kilo 2.8.

Ukiitazama orodha hiyo kwa makini, utaona mtengenezaji aliamua wapi pa kubana na wapi pa kuachia. Mtutu, meno ya bolti na kikalio cha kasha, ambavyo ndivyo vinavyoamua risasi itue wapi, havikubanwa. Kilichobanwa ni kitako, magazini na ung'arishaji wa chuma. Kwa maneno mengine, uhafifu umewekwa pale mkono unapogusa, na takriban kila sifa na kila lalamiko la wenye bunduki hizi linatokana na uamuzi huo mmoja.

Sifa kubwa ni shabaha. Watu wanaoinunua kama bunduki ya akiba, ya kukaa nyuma ya gari au ya kumfundishia kijana, hushangaa inapolingana na bunduki ya bei mara mbili. Malalamiko huanza na bolti. Ikiwa mpya hukwaruza, kana kwamba kuna mchanga ndani, kwa sababu alama za kifaa cha kukatia chuma hazikusafishwa. Mkono wake huinuka nyuzi 70 badala ya 90 za Mauser, jambo linaloacha nafasi ya darubini, lakini kazi ya kubana springi inafanyika katika mwendo mfupi zaidi, na kwa hiyo kuinua kwenyewe ni kuzito. Dawa ya ukwaruzaji ni ya bure: mafuta kidogo na kuikoki ikiwa tupu mara nyingi, jioni kadhaa, hadi chuma kilainishane. Hili la uzito halina dawa, mtu hulizoea.

Lalamiko la pili ni kitako, na hapa walalamikaji wana haki. Plastiki ya sehemu ya mbele ni nyembamba. Ukiiegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga kisha ukaiminya kwa mkono wa kushoto, utaona mwanya kati ya plastiki na mtutu ukipungua upande mmoja hadi vigusane. Mtutu unaoguswa hautetemeki sawasawa kila mlio, na risasi huhama. Wengi hulaumu mtutu kumbe kosa ni la kitako, na mara nyingine ni la namna walivyoiegemeza bunduki tu. Magazini ya mwanzo, ya plastiki, inayozunguka na kubeba risasi 4, nayo ililaumiwa kwa kuwa kishikizo chake ni sehemu ya magazini yenyewe: kikichoka, magazini yote imekwisha.

Maoni ya shabaha yanahitaji kupimwa kwa uangalifu kuliko mengine yote, maana ndiyo yanayotajwa kwa namba, na namba hudanganya kwa sauti ya uhakika. Kipimo kinachopendwa Marekani ni inchi moja kwa yadi 100, yaani matundu yote kukaa ndani ya sentimita 2.5 kwa umbali wa mita 91. Swali la kwanza ni: risasi ngapi? Kundi la risasi 3 daima litaelekea kuwa dogo kuliko la risasi 10, si kwa ustadi bali kwa kanuni za bahati, kwa kuwa kila risasi inayoongezwa ina nafasi ya kuupanua mduara na haina nafasi ya kuupunguza. Kihesabu, bunduki ambayo makundi yake ya risasi 3 yana wastani wa sentimita 2.5 itakuwa na wastani wa karibu sentimita 4 kwa makundi ya risasi 10, bila skrubu hata moja kulegea. Tena makundi ya risasi 3 hutofautiana sana yenyewe kwa yenyewe. Bunduki ile ile, mchana ule ule, inaweza kutoa kundi la sentimita 1.5 na jingine la sentimita 4. Mwenye nayo ataitunza karatasi gani, si vigumu kukisia.

Mtego huo ndio unaoharibu ushuhuda mwingi kuhusu marekebisho. Mtu hubadilisha kitako, hupiga risasi 3, hupata kundi dogo kuliko la wiki iliyopita, naye huapa kwamba kitako ndicho kilichofanya kazi. Mara nyingi siku hiyo hiyo alibadilisha pia aina ya risasi na kukaza upya skrubu za darubini. Ushuhuda unaofaa kusikilizwa ni wa mtu aliyebadilisha kitu kimoja tu, akapiga makundi kadhaa ya risasi 10 kabla na baada yake. Watu hao ni wachache, kwa sababu risasi ni ghali.

Kati ya vitu vya kununua, darubini na vishikizo vyake hutangulia. Bunduki hizi huja bila shabaha za chuma, kwa hiyo darubini ni lazima, na darubini hafifu isiyorudi mahali pake baada ya kila pigo huifanya bunduki nzuri ionekane mbovu. Skrubu za vishikizo hukazwa kwa spana ya kipimo, baada ya mafuta ya kiwandani kufutwa. Kinachofuata ni kujaribu aina tatu au nne za risasi. Mtutu wenye mikondo ya ndani inayozunguka mara moja kila inchi 8, kama wa Ruger American Predator ya risasi za .223, hupenda risasi nzito kuliko mtutu wa mzunguko wa pole, na tofauti hiyo huzidi ile inayoletwa na vifaa vingi vinavyouzwa kwa mbwembwe.

Baada ya hapo ndipo kitako. Boyds hutengeneza cha mbao zilizobandikwa tabaka kwa tabaka, na Magpul hutengeneza cha plastiki ngumu chenye uti wa alumini unaokumbatia kasha. Faida ya vyote viwili ni ugumu wa sehemu ya mbele na kimo kinachofaa shavu nyuma ya darubini. Hasara ni uzito, na mwindaji wa milimani huiona haraka. Wapo wanaojaza gundi ya epoksi ndani ya mashimo ya kitako cha asili ili kukitia ugumu. Kazi hiyo haipendezi macho, ila inatosha.

Kifyatulio hubishaniwa zaidi ya inavyostahili. Springi nyepesi hununuliwa kwa dola chache, na kifyatulio kizima cha Timney kinaweza kufika theluthi ya bei ya bunduki au zaidi. Kifyatulio chepesi hakiinyooshi bunduki. Humsaidia mpigaji asiivute pembeni. Nao wepesi una mpaka. Baada ya kazi yoyote ya namna hiyo, bunduki tupu hufungwa bolti kwa nguvu na kitako kugongwa chini mara kadhaa, kuona kama pini itaachia yenyewe. Ikiachia, hairuhusiwi kutoka nyumbani. Asiye na uhakika ampelekee fundi wa bunduki.

Nati ya mtutu huwapa wenye ari nafasi ya kubadilisha mtutu mzima wakiwa na vipimo sahihi vya chemba, lakini kwa bei ya mtutu mzuri hununuliwa bunduki ya pili. Mitutu yenye hesi mdomoni hupokea kipunguza pigo. Kizuia sauti ni habari nyingine, maana Marekani kimewekwa chini ya usajili wa serikali kuu tangu sheria ya mwaka 1934.

Ruger yenyewe ilisikia. Matoleo kadhaa ya baadaye yalipokea magazini za mtindo wa Accuracy International ya Uingereza, na kizazi cha pili cha Ruger American, kilichotangazwa mwishoni mwa 2023, kilikuja na kitako kinachoweza kurekebishwa urefu na kimo, pamoja na kizuizi cha usalama chenye nafasi tatu. Bei ya kiwandani ilipita dola 700, karibu sawa na ya kizazi cha kwanza ikijumlishwa na kitako na kifyatulio cha kununua kando. Tofauti huonekana siku ya kuuza. Mnunuzi wa bunduki iliyotumika hulipia jina na toleo, na vifaa vilivyoongezwa havimwongezei senti. Ndiyo maana wenye uzoefu huhifadhi kitako na springi za asili ndani ya boksi, huzirudisha kabla ya kuuza, na vifaa vya bei ghali huviuza peke yake.