Mzee Wetu Anapoendesha Gari

Mzee akichelewa kuondoa gari kwenye makutano ya barabara, vijana humpigia honi wakidhani macho yamefifia au mguu umechoka. Wataalamu wa saikolojia wanatufahamisha kuwa mara nyingi uzito uko kwingine: katika kuchagua la kufanya.

Mwaka 1952, mtafiti William Edmund Hick wa Cambridge, Uingereza, alionesha kuwa kadiri taa zilivyoongezwa mbele ya mtu, ndivyo alivyochelewa kubonyeza kitufe kinachostahiki. Tafiti zilizofuata zilibainisha kuwa uzee huzidisha kuchelewa huko. Ndiyo maana dereva mahiri wa barabara iliyonyooka hulemewa kwenye makutano, ambako mambo mengi humtaka aamue kwa mara moja.

Hata hivyo, akili hufundishika. Huko Marekani, Karlene Ball na wenzake walichapisha mwaka 2010 matokeo ya wazee waliozoezwa kwa kompyuta kutambua vitu upesi: walisababisha ajali chache kuliko wasiozoezwa.

Basi tusiwapokonye wazazi funguo kwa ukali, wala tusinyamaze tuonapo hatari. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya Sharia, na Sura Al-Israa inatuamrisha kuwasemesha wazazi kwa heshima. Tushauriane nao: safari ziwe za mchana, njia zenye msongamano ziepukwe, mazungumzo yapungue garini. Na siku ya kuacha usukani ikifika, mtoto awe tayari kumwendesha mzazi wake, asikose jamaa msikitini. Wallahu a'alam.