Namba Iliyojificha Nyuma ya Rimu: Maana ya Msogeo wa Gurudumu na Athari Zake

Wahenga walituachia wosia kuwa ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Gurudumu la gari ni ithibati ya usemi huo. Wengi wetu hulitazama kama mviringo wa chuma uliovikwa tairi, na tunapotaka kulibadilisha huuliza mambo mawili tu: ukubwa wake na idadi ya matundu yake ya bolti. Makala haya yananuia kueleza jambo la tatu ambalo aghalabu husahaulika, nalo ni mahali ambapo rimu hushikana na gari. Tofauti ya milimita chache mahali hapo yaweza kuamua iwapo gari litatulia barabarani au litawahatarisha waliomo.

Ni vyema kwanza tuafikiane kuhusu istilahi. Rimu hufungwa kwenye habu, yaani kitovu kinachozunguka pamoja na gurudumu. Sehemu ya rimu inayolalia habu tutaiita uso wa kufungia. Sasa msomaji achukue rimu na kuipasua kimawazo katikati ya upana wake, mfano wa nazi inayopasuliwa vifuu viwili vilivyo sawa. Umbali uliopo kati ya mstari huo wa katikati na uso wa kufungia ndio tunaopendekeza uitwe msogeo, kutokana na kitenzi sogea, kwa kuwa hutuonyesha uso huo umesogea kiasi gani kutoka katikati. Msogeo hupimwa kwa milimita. Mara nyingi huandikwa nyuma ya rimu ukitanguliwa na herufi ET, ambazo ni kifupisho cha neno la Kijerumani Einpresstiefe. Kwa hivyo, rimu iliyoandikwa 15x6J ET45 ina kipenyo cha inchi 15, upana wa inchi 6 na msogeo wa milimita 45. Herufi J huelezea umbo la ukingo wake.

Msogeo ni wa aina tatu. Uso wa kufungia ukiwa katikati kabisa, msogeo ni sifuri. Uso ukielekea upande wa nje wa gari, msogeo ni chanya, na gurudumu huingia ndani chini ya madigadi. Uso ukielekea upande wa ndani, msogeo ni hasi, na gurudumu hutokeza nje. Hapa ndipo wengi hutatizika, kwani kadiri namba inavyopanda ndivyo gurudumu linavyozidi kuingia ndani. Magari mengi madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele huwa na msogeo chanya wa takriban milimita 35 hadi 50.

Hebu tutumie hesabu kufafanua jambo hili. Tuseme gari lilitoka kiwandani likiwa na rimu ya inchi 6 yenye ET45, na mwenyewe anatamani rimu ya inchi 7 yenye ET35. Inchi moja ni milimita 25.4, hivyo nusu ya upana wa rimu ya kwanza ni milimita 76.2, na ya pili ni 88.9. Ili kupata ukingo wa nje, tunatoa msogeo: rimu ya kwanza inafika milimita 31.2 kutoka kwenye uso wa kufungia, na ya pili 53.9. Ili kupata ukingo wa ndani, tunajumlisha msogeo: 121.2 kwa ya kwanza na 123.9 kwa ya pili. Kwa hivyo, rimu mpya itatokeza nje kwa milimita 22.7 zaidi, ilhali ndani itasogea milimita 2.7 tu. Lau angechagua rimu ya inchi 7 yenye ET45, kila upande ungeongezeka milimita 12.7, na huenda tairi likagusa springi.

Athari zake ni bayana. Gurudumu lililotokeza mno hukwaruza madigadi gari linapobeba abiria wengi au linapotumbukia shimoni. Lililoingia mno hugusa springi au mabomba ya breki usukani unapokatwa. Fauka ya hayo, gurudumu likisogezwa nje, uzito wa gari huielemea beringi ya habu kutoka mbali zaidi, nayo huchakaa upesi. Usukani pia hubadilika tabia: kila shimo humtikisa dereva mikononi, na breki ya upande mmoja ikishika zaidi ya mwenzake, gari huvutwa kando kwa nguvu.

Wapo wanaotumia spesa, yaani kisahani cha chuma kinachowekwa kati ya habu na rimu. Spesa ya milimita 15 huigeuza ET45 kuwa ET30. Hata hivyo, bolti zikibaki zile zile, nati hushika nyuzi chache zaidi, na nati isiyoshika vyema yaweza kufunguka gari likiwa mbioni.

Katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mtaa ambao wengi wangali wanauita Grogan, vipuri vya magari vilivyotumika hupatikana tele. Anayenunua rimu huko au kwingineko na ahakikishe mambo matano: kipenyo, upana, idadi ya bolti pamoja na kipenyo cha duara lake, tundu la katikati, na msogeo. Baada ya kuifunga, azungushe usukani hadi mwisho pande zote mbili, tena gari likiwa na mzigo, na achunguze iwapo kuna kinachogusana.

Waama, mafundi wetu wana ujuzi huu mikononi mwao. Wanaukosea jina tu. Katiba ya mwaka wa 2010 iliifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa, na urasmi huo hauna budi kufika hadi gereji. Iwapo neno msogeo halifai, wasomaji na walete lililo bora. Almuradi mnunuzi awe na neno la kuulizia kabla ya kulipa, kwa maana asiloweza kulitaja hawezi kuliulizia, na asiloliulizia huenda akalijua akiwa tayari barabarani.